Kamera Imeharibika: Uipeleke kwa Mtengenezaji, kwa Fundi wa Mtaani, au Ununue Bodi Nyingine?

Mwenye kamera mbovu ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kuipeleka kwa mtengenezaji, yaani kituo rasmi cha Canon, Nikon, Sony, Fujifilm na wenzao. Ya pili ni fundi huru: wale wa Kariakoo, wa Luthuli na Moi Avenue kule Nairobi, au yule wa mji wenu ambaye kila mpiga picha ana namba yake. Ya tatu ni kuachana nayo na kununua bodi nyingine, yaani kamera yenyewe bila lenzi, mara nyingi ya mtumba. Naandika kwa ajili ya watu ambao kamera ndiyo inayowalisha: wapiga picha wa harusi na kipaimara, wa studio, wa habari, wa watalii kule Nungwi. Kwao, kamera ikilala kabatini wiki mbili, oda zinakwenda kwa mwingine.

Njia zote tatu nitazipima kwa mambo yaleyale: aina ya ubovu, gharama yote mpaka kamera inarudi mkononi, muda, ubora wa kazi, spea, na dhamana unayobaki nayo. Aina ya ubovu nimeitanguliza kwa makusudi. Ukiikosea hiyo, mengine yote utayapima kwa kubahatisha.

Ubovu wenyewe ni upi?

Kamera nyingi hujieleza. Kwenye Canon za DSLR (zile za kioo cha ndani na lenzi za kubadilisha), Err 01 maana yake kamera na lenzi hazielewani; Err 02 ni kadi; Err 20 ni mitambo ya ndani; Err 30 ni shata, yaani pazia la ndani linalofunguka na kufunga unapopiga. Ukiona Err 01, futa vidoti vya dhahabu vya nyuma ya lenzi kwa kitambaa safi kikavu, kisha jaribu lenzi nyingine. Kamera ikikubali, bodi ni nzima na mgonjwa ni lenzi. Canon EF 24-105mm f/4L ya toleo la kwanza inajulikana sana kwa tatizo hili: mkanda mwembamba unaopeleka umeme kwenye apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) hukatika kwa kukunjwa kila unapozumu. Dalili yake ni kwamba ukipiga f/4 inakubali, ukienda f/8 inagoma. Mtu asiyejua hili anaweza kuuza bodi nzima kwa bei ya kutupa.

Jaribu pia betri nyingine, kadi nyingine, na toleo jipya la programu ya ndani ya kamera kutoka tovuti ya kampuni. Hayo ni bure na hayachukui saa nzima. Ila usifungue kamera mwenyewe kwa bisibisi, hasa yenye flashi ya ndani: kapasita ya flashi hubeba volti zinazofika 300, na hubaki na umeme hata betri ikiwa imetolewa.

Baada ya hapo, ubovu utaangukia kwenye moja ya makundi haya: uchafu na ukungu; kipande kimoja kilichokufa, kama shata, soketi au kitufe; vipimo vilivyopotea, kama fokasi isiyokaa mahali pake; maji; na ubovu wa kuzaliwa nao kutoka kiwandani. Hili la mwisho nalikalia kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapolipia kitu ambacho mtengenezaji alikwisha kukubali kukibeba mwenyewe.

Ubovu uliotoka kiwandani

Mwaka 2005 kampuni kadhaa, zikiwemo Canon, Nikon, Fujifilm, Konica Minolta, Olympus na Sony yenyewe, zilitangaza kwamba baadhi ya kamera zao zina sensa (kipande kinachonasa picha) za aina ya CCD zilizotengenezwa na Sony ambazo zinaweza kufa. Nyaya ndogo ndani ya sensa ziliachia, hasa mahali penye joto na unyevu mwingi. Picha zilitoka zimepinda, zina rangi za ajabu, au hazitoki kabisa. Kampuni zilikubali kuzitengeneza bure, hata zile ambazo waranti yake ilikuwa imekwisha. Soma tena hayo maneno: joto na unyevu. Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja ndiye hasa aliyekuwa akiishi katika hali iliyokuwa inaziua.

Nikon D600 ilitoka Septemba 2012, na wenye nayo wakaanza kuona madoa ya vumbi na mafuta kwenye sensa, yanarudi hata baada ya kusafishwa. Februari 2014 Nikon ilitangaza kwamba itakagua, itasafisha na kubadilisha shata na vipande vinavyohusiana nayo bila malipo, waranti iwe hai au imekwisha. Kisha ikaja D750, kamera ambayo bado utaiona kwenye harusi nyingi: Julai 2015 Nikon ilitoa tangazo kuhusu shata ya baadhi ya kamera hizo, ikatoa orodha ya namba za kukagulia, na mwaka uliofuata ikaongeza nyingine kwenye orodha. Canon nayo, mwaka 2012, ilipokea kwa ukaguzi wa bure 5D Mark III za mwanzo ambazo mwanga wa kioo kidogo cha juu ulikuwa ukivuruga kipimo cha mwanga gizani.

Kwa hiyo kabla ya kulipa mtu yeyote senti moja, chukua namba iliyochapwa chini ya kamera, nenda kwenye ukurasa wa huduma wa kampuni, tafuta matangazo ya modeli yako, na kama hukuelewa waandikie. Ofa hizi hazidumu milele na spea za kamera za zamani huisha, kwa hiyo uliza hata kama tangazo unaliona ni la zamani. Fundi wa mtaani, hata awe mwaminifu kiasi gani, hana sababu ya kujua matangazo ya kila modeli. Na muuzaji wa mtumba ndiyo kabisa.

Gharama yote

Kwa mtengenezaji, bei ya kazi yenyewe ni nusu ya hesabu. Kwa Tanzania na Kenya, mara nyingi unaanza na wakala au duka rasmi, na kwa matengenezo makubwa kamera inaweza kuhitaji kusafiri. Canon, Nikon na Sony zote zina ofisi zao za Mashariki ya Kati pale Dubai, na huko ndiko wengi wetu tunakoelekezwa. Ongeza basi usafiri wa kwenda na kurudi, bima ya mzigo, na forodha. Jambo la forodha lishughulikie kabla kamera haijaondoka: beba risiti ya kununulia, onyesha namba ya kamera na uombe iandikwe kwamba inatoka kwenda matengenezo na itarudi, ili wakati wa kurudi isihesabiwe kuwa mzigo mpya. Uliza pia kama kuna ada ya ukaguzi endapo utayakataa makadirio yao. Vituo vingi hutoza.

Lingine la kujua ni kwamba kituo rasmi hubadilisha kipande kizima. Kisehemu kidogo cha ubao wa umeme kikiungua, wao hubadilisha ubao wote, na bei huja ya ubao wote. Fundi huru atatafuta kile kilichoungua na kukichomelea kipya. Hapo tofauti ya bei inaweza kuwa kubwa mno, na ni tofauti ya halali. Haina maana kwamba mmoja anakuibia.

Kwa fundi, bei inajadiliwa na unaijua siku hiyohiyo. Gharama yake iliyojificha ni marudio: tatizo likirudi baada ya mwezi, unalipa tena, na siku zako za kazi zimepotea mara mbili.

Bodi ya mtumba ina bei iliyo wazi, nawe unaweza kupunguza makali kwa kuuza ile mbovu kama spea. Mafundi hununua bodi zilizokufa. Kipimo ninachokitumia mimi: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya bodi kama hiyo sokoni, nasimama na kufikiri upya.

Muda

Hapa mtengenezaji anashindwa mara nyingi, na tuseme wazi. Kusafirisha, kusubiri foleni, kusubiri makadirio, kuyajibu, kusubiri spea, kurudisha: ni wiki, na ikiwa spea haipo inaweza kuwa miezi. Ukisafirisha kwa mtu anayekwenda Dubai kibiashara, unaokoa siku za posta, ila unategemea ratiba yake, na atakayesimama kaunta ni mtu asiyeijua kamera yako. Mwandikie tatizo kwenye karatasi, kwa Kiingereza kifupi, pamoja na picha zinazoonyesha kasoro. Betri za lithiamu za akiba azibebe kwenye begi la mkononi, kamwe zisiingie kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Fundi wa mtaani anaweza kumaliza kusafisha sensa ukimsubiri, na shata kama anayo dukani ni kazi ya siku moja au mbili. Bodi nyingine ndiyo njia ya haraka kuliko zote, mradi lenzi zako zinaingia. Mwenye lenzi za Canon EF, za mdomo wa zamani, anayevutwa na bodi ya RF, ya mdomo mpya, kwa sababu ameipata kwa bei nzuri, ahesabu na adapta.

Ubora wa kazi

Hili ndilo eneo la mtengenezaji. Sensa ya kamera haifungwi tu; hukaa kwenye kipimo cha sehemu ndogo sana ya milimita, sambamba kabisa na mdomo wa lenzi. Baadhi ya kamera zina vipande vyembamba vya chuma chini ya sensa vya kusawazisha pembe, na ukikipoteza kimoja au kukibadilisha nafasi, upande mmoja wa picha utakuwa mkali na mwingine umelainika. Kituo rasmi kina vifaa na programu za kupimia hayo, pamoja na kurekebisha fokasi na mfumo wa kutuliza mtikisiko. Fundi huru kwa kawaida hana. Wapo wachache wenye mkono mzuri wanaopima kwa njia zao, na nawaheshimu sana, lakini uwaulize wazi: baada ya kufunga, mnapima kwa nini?

Kwa kazi zisizogusa vipimo, mambo hubadilika. Kusafisha sensa, kubadilisha soketi ya USB, raba za kushikia zilizoachia, kitufe cha kupigia, mkanda wa lenzi kama ule wa 24-105mm: fundi mzoefu anazifanya vizuri, na pengine amezifanya mara nyingi kuliko mfanyakazi wa kituo anayebadilisha vipande vizima. Ukungu wa lenzi uko katikati. Ukiwa mchanga, fundi anaufuta. Ukishakula rangi ya juu ya kioo, hakuna wa kuurudisha, awe wa kampuni au wa mtaani. Kilichobaki ni kubadilisha kioo au kuishi nao.

Kamera ikirudi, kutoka popote, usiipeleke kazini kabla ya kuijaribu. Piga ukuta wa matofali ukiwa umenyooka mbele yake, apacha ikiwa wazi, halafu kuza pembe zote nne. Piga anga kwa f/16 uone madoa. Piga kwa kasi ya 1/4000 uone kama kuna mstari mweusi juu au chini, maana shata mbovu hujionyesha hapo kwanza. Kwenye bodi ya mtumba fanya vivyo hivyo kabla ya kutoa fedha.

Na kwa mtumba, uliza shata imepiga mara ngapi. Nikon huandika idadi hiyo ndani ya faili la picha. Canon nyingi zinahitaji programu maalumu na waya. Canon ilizijaribu shata za 5D Mark III na 5D Mark IV kwa mara 150,000, na Nikon ilizijaribu za D850 kwa 200,000. Shata inaweza kufa kabla ya hapo au kuvuka mbali, lakini fanya hesabu: anayepiga picha 2,000 kwa kila harusi anafika 150,000 kwa harusi 75. Kwa mwenye msimu mzuri, hiyo ni miaka miwili tu.

Spea

Mtengenezaji ana spea halisi, ila kwa muda. Modeli ikishaachwa kutengenezwa, baada ya miaka kadhaa huduma hufungwa, na kamera ya miaka kumi na mbili nyuma huenda isipokelewe hata ukitoa fedha. Kampuni zenyewe hubadilika pia: Konica Minolta iliacha kamera mwaka 2006 na huduma ikahamia Sony, kamera za Olympus tangu Januari 1, 2021 ziko chini ya OM Digital Solutions.

Fundi huru anategemea spea za China na za kamera zilizokufa. Ugumu anaoupata si wa kwake peke yake: Nikon nchini Marekani iliacha kuwauzia spea mafundi huru mwaka 2012, na mwaka 2020 ikafunga hata utaratibu wa mafundi walioidhinishwa huko. Mafundi wetu wamezoea kuishi bila mlango huo, na ndiyo maana droo zao zimejaa bodi zilizofunguliwa. Mwambie akuonyeshe spea anayotaka kuweka, na akurudishie ile ya zamani. Kwa kamera ya zamani mno kwa kituo rasmi, droo hiyo ndiyo tumaini pekee.

Dhamana

Kamera mpya kwa kawaida huja na mwaka 1 wa waranti, na waranti nyingi hufungwa kwa eneo. Hapa ndipo kamera zilizoingia bila kupitia kwa wakala huumiza. Bei yake ni nzuri, lakini kituo cha hapa kinaweza kukuambia uirudishe ilikonunuliwa. Nikon ya Marekani imejulikana kwa kukataa kamera ambayo haikuingizwa nchini humo na yenyewe, hata ukiwa tayari kulipa. Kwa upande mwingine, kama kaka au dada yako alikununulia Ujerumani au Uholanzi, sheria ya Umoja wa Ulaya inamwajibisha muuzaji kwa miaka 2. Risiti ibaki kwake na madai ayapeleke yeye.

Tunza risiti ya EFD, au ya ETR kwa Kenya, pamoja na kadi ya waranti. Bila risiti unabishana mikono mitupu.

Kazi ya kituo rasmi huja na dhamana ya miezi kadhaa kwa tatizo lilelile. Fundi wa mtaani hutoa neno lake. Muombe aliandike kwenye risiti, hata kama ni mwezi mmoja. Na hili ni muhimu: fundi huru akishafungua kamera, kituo rasmi kinaweza kuikataa au kuipandishia bei. Njia hizi mbili hufuatana vizuri kwa mpangilio mmoja tu, kituo kwanza, fundi baadaye. Bodi ya mtumba, kwa kawaida, dhamana yake ni macho yako siku ya kununua.

Popote unapoipeleka, toa kadi yenye picha za wateja, andika mipangilio yako kwa sababu vituo huirudisha ya kiwandani, na usiache mkanda, betri wala lenzi visivyohusika na tatizo.

Kwa hali yako

Kamera iko ndani ya waranti, au modeli yake imo kwenye tangazo la kampuni: nenda kwa mtengenezaji, hata kama itachukua muda. Azima au kodi nyingine kwa harusi za katikati. Usimruhusu mtu kuifungua.

Tatizo ni la fokasi, sensa au mfumo wa kutuliza mtikisiko, na kamera bado ina thamani kubwa, mathalani Nikon Z8 au Canon R5: mtengenezaji pia. Kamera ya aina hiyo ikifungwa vibaya, hasara utaiona kwenye kila picha.

Shata imekufa kwenye bodi ya zamani, kama Canon 700D au Nikon D7100: linganisha bei ya fundi na ya bodi ya mtumba iliyotumika kidogo. Fundi akiwa na shata halisi na akakuandikia dhamana, mpe. La sivyo nunua bodi, umuuzie hiyo mbovu.

Uchafu, ukungu mchanga, soketi, raba, kitufe, mkanda wa lenzi: fundi mzuri wa karibu. Kukipandisha ndege kitu kama hicho ni kupoteza fedha.

Una bodi moja tu na unaishi kwa oda: tafuta bodi ya pili ya bei nafuu inayokubali lenzi zako kabla hujaamua lolote kuhusu ile mbovu. Ukiwa nayo, unaweza kumsubiri mtengenezaji bila presha, au kumkatalia fundi anayekuharakisha.

Kamera ya shule, ya ofisi au ya kanisa: mara nyingi ni bora mtengenezaji, kwa sababu mhasibu anataka makadirio ya maandishi na risiti, na hakuna oda ya Jumamosi inayoingoja.

Imeingia maji ya bahari: hapa saa zinahesabika, na kituo kilicho ng'ambo ya bahari hakitafika kwa wakati. Vituo vingi hata hukataa kamera iliyokunywa chumvi. Zima, toa betri na kadi sasa hivi, usiiwashe kujaribu hata mara moja, usiifukie kwenye mchele kwa sababu mchele hautoi chumvi, na ifikishe leo kwa fundi anayeweza kuifungua, kuosha mbao zake kwa spiriti safi na kuzikausha. Ikifufuka, itumie kama bodi ya akiba. Chumvi iliyobaki mahali asipopafikia itaendelea kula polepole, kwa hiyo usiitegemee peke yake kwenye ndoa ya mtu.